Ngazi Imebaki Uani

Alhamisi, jioni. Mawingu yameshuka tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha, basi mji mzima umekaa kama sufuria iliyofunikwa. Miguu inauma. Moyo umetulia. Nimevuta kiti hadi kwenye roshani yangu hapa Mchafukoge, na ninaandika upesi kabla sijasahau jinsi yule binti alivyolitamka lile neno.

Leo ilikuwa krit.

Kwa wanaopita kwenye shajara hii kwa mara ya kwanza, nieleze kidogo. Kueleza ndiyo kazi niliyozeekea. Anayesomea usanifu wa majengo hafundishwi kama anayesomea sheria au historia. Mihadhara ipo, vitabu vipo, lakini moyo wa masomo yake ni studio. Anapewa meza, anapewa kiwanja cha kweli katika mtaa wa kweli, anaambiwa: buni jengo hapa. Kisha walimu tunapita meza hadi meza. Tunatazama, tunauliza, tunachora mistari miwili mitatu, tunaondoka. Yeye anafuta, anachana, anaanza tena. Mwisho wa muhula anabandika michoro yake yote ukutani, anasimama mbele yake na kuitetea, walimu wake wakiwa wamekaa pamoja na mgeni ambaye hajawahi kuiona. Huko kusimama ukutani ndiko wanafunzi wanakoita krit, na usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna anayelala.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui mpaka liwakute. Studio haina mtihani wa marudio. Somo jingine ukianguka, unarudi baada ya likizo, unakaa chumbani na karatasi yako ya maswali, yanakwisha. Lakini kitu kilichochukua muhula mzima kukijenga huwezi kukirudia kwa asubuhi moja. Ukianguka studio, unarudia mwaka.

Aikande alikuwa ukingoni kabisa mwa kurudia mwaka.

Muhula huu tuliazima chumba kikubwa ghorofani, mtaa wa pili kutoka sokoni Kariakoo, ili studio ikae karibu na kiwanja chenyewe. Wenzangu hawakupenda mwanzoni, kwa sababu ya kelele. Chini yetu kuna muuza mashuka mwenye spika inayorudia maneno yaleyale kutwa, na wanafunzi wamekwisha kuyakariri, huyaimba huku wakikata maboksi ya kutengenezea modeli, zile nyumba ndogo za mfano. Lakini maboksi yenyewe tunayapata bure madukani, na kiwanja kiko mwendo wa kushuka ngazi na kuvuka barabara. Mwanafunzi akiwa na shaka juu ya jua la saa nane linavyopiga ukuta, haulizi mtu. Anakwenda kulitazama.

Kiwanja ni kimojawapo cha vile vya zamani, vyembamba na virefu, na bado kina nyumba yake ya vyumba sita. Mnaijua: kibaraza mbele, ukumbi mrefu katikati kama mtaro, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani, penye jiko, choo, bomba na kamba za nguo. Kazi waliyopewa ilikuwa kubuni jengo litakalosimama pale nyumba hiyo itakapoondoka: maduka chini, makazi ya wapangaji juu. Kila mtu anayepita Kariakoo ameyaona majengo ya namna hiyo. Kuyabuni vizuri ni kazi nyingine.

Aikande amezaliwa hapahapa Kariakoo. Wazazi wake walishuka kutoka Kilimanjaro, wakafungua duka la jumla la vyombo vya plastiki: ndoo, mabeseni, majagi, vile viti vyekundu vya shughuli. Mkono wake ni mzuri. Akichora mti, unataka kukaa chini yake. Anafika mapema, anasalimia kila mtu, hata fundi wa lifti ambayo haijawahi kufanya kazi tangu tuhamie.

Tatizo lake lilikuwa neno moja. Sawa.

Mwalimu wa kwanza alipita mezani kwake akamwambia ngazi ya wapangaji aisogeze ubavuni. "Sawa, mwalimu." Akaisogeza. Wa pili akapita, akasema ubavuni inaua madirisha, heri iwe katikati. "Sawa, mwalimu." Ikaenda katikati. Wa kwanza akarudi, akashangaa. Ikarudi nusu. Ngazi ya watu ilizunguka jengo lote kama mpangaji anayefukuzwa kila mwezi, na kila ilipohama ilibomoa vyumba, ikahamisha vyoo, ikaziba korido. Hakuwa mvivu hata kidogo. Pengine hakuna aliyefanya kazi nyingi kuliko yeye.

Kwenye krit ya katikati ya muhula, mwenzangu mmoja alisimama mbele ya michoro yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole uliouma zaidi ya kelele: "Binti, hili si jengo. Hiki ni kikao cha walimu, na wewe umeandika muhtasari."

Watu walicheka. Aikande naye alicheka kidogo, akasema, "Sawa, mwalimu."

Alama zake siku ile zilikuwa mbaya. Tulimwita pembeni, tukamweleza bila kuzungusha kwamba krit ya mwisho ikienda hivyo, mwaka huu ataurudia wote. Aliitikia kwa kichwa. Usiku ule sikumfikiria mwingine.

Najua wapo walimu wanaosema kwamba studio haiwafai watoto wetu. Wanasema sisi tunamlea mtoto kuitikia, mkubwa akisema mdogo anasikiliza, na huwezi kumchukua mtoto huyohuyo akiwa chuo ukamwambia simama hapo ubishane na watu wa umri wa babu yako. Hoja hiyo nimeisikia miaka mingi na sijawahi kuikubali. Mimi mwenyewe sipendi mtoto anayenidakia maneno. Lakini anayedhani Mswahili hajui kukataa, aende Kariakoo akaombe kupunguziwa bei. Muuzaji atakukatalia huku akikuita mama yangu mzazi. Atakukatalia huku akikufungia mzigo. Tuna "naomba nifikirie," tuna "sijui kama itawezekana," tuna "Mungu akipenda," na kila mmoja wetu anajua ni ipi kati ya hizo yenye maana ya hapana kabisa. Adabu haikutunyima neno hilo. Ilichofanya ni kulivisha nguo.

Kwa hiyo sikuamini kwamba Aikande hana hapana. Niliamini kwamba hajajua aliiweka wapi.

Siku chache baada ya ile krit ya kati nilipita mezani kwake. Nina desturi moja ambayo wanafunzi wangu wote wanaijua: sichori juu ya mchoro wa mtu. Natandika juu yake karatasi ya tresing, ile nyepesi inayoonyesha kilicho chini, nachora kwenye yangu, na nikiondoka mwanafunzi anaweza kuikunja na kuitupa bila kugusa kazi yake. Nikatandika, nikatazama, kisha nikamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Hiki choo cha wapangaji, kihamishe. Kiweke mbele, kiangalie barabara, hapa katikati ya maduka."

"Sawa, mwalimu."

Akachukua penseli. Nilisubiri atabasamu, nikidhani amegundua. Akaanza kukichora.

Meza ya jirani anakaa Sumaiya. Kwao ni watu wa asili ya Uarabuni, wana duka la kanzu na manukato si mbali na hapa ninapoishi, na mdomo wake hauna mlango. Alikuwa amenyoosha shingo muda wote.

"Aikande, muulize kwanza, cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maana wateja watakuwa wanakuona."

Studio nzima ikalipuka. Mtu nyuma akaiga spika ya muuza mashuka: "Karibu mteja, ingia ujisaidie, bei ni ya kutupa!" Aikande aliweka penseli chini. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mwalimu, si umesema wewe?"

"Nimesema. Wewe umekionaje?"

"Kibaya."

"Kibaya kiasi gani?"

"Kibaya sana, mwalimu. Ni aibu."

"Mbona unakichora?"

Akatazama meza. "Wewe ni mkubwa."

Hakulisema kwa unafiki. Alikuwa ananiheshimu, na heshima ile ilikuwa inamharibia mwaka.

Nikavuta kiti nikakaa. Nikamwambia siondoki hapo mpaka anikatalie kitu, chochote atakachochagua.

"Nikukatalie nini sasa, mwalimu?"

"Utakijua kikifika."

Tukakaa. Wengine wakawa wanapita karibu kwa visingizio, huyu anatafuta rula, huyu anatafuta gundi. Sumaiya akashindwa kuvumilia: "Mkatalie chai basi, yaishe!" Aikande akamgeukia papo hapo: "We Sumaiya, sitaki, niache, fanya yako." Likatoka zima, kavu, bila kujikwaa. Nikajisemea, kumbe anazo hapana, tena tele. Ila zote ni za watu wa rika lake.

Basi nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mwanafunzi yeyote. Niliondoa ile karatasi ya tresing, nikafungua kalamu yangu ya wino mnene, nikaishusha kwenye mchoro wake wenyewe. Mkono wake ulifika kabla ya kalamu.

"Mwalimu, naomba usichore hapo. Huo wino unapita mpaka chini."

Nikaifunga kalamu.

"Umeona?" nikamwambia. "Umesema naomba, na mimi nimeacha. Hukunitukana. Paa halijaanguka."

Akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kuirudisha ngazi mahali alipoiweka siku ya kwanza kabisa, kabla sisi sote hatujaanza kupita. Alikuwa ameiweka nyuma, uani.

"Usiniombe ruhusa. Nipe sababu."

"Sababu siijui vizuri, mwalimu. Naona tu kwamba mbele haikai."

"Basi nenda mtaani ukaitafute. Ukiipata usiniambie mimi. Kaiseme ukutani."

Hili nalo nilieleze. Mbunifu mchanga mara nyingi huona kabla ya kujua. Jicho lake limekulia mahali, limekusanya mambo, na mkono unaweka mstari pale jicho linapotaka, ila ukimuuliza kwa nini, hana maneno. Mwalimu mwenye haraka atasema: huna sababu, hamisha. Na pengine hapo ndipo anapoua kitu pekee kilichokuwa cha mwanafunzi. Kazi yetu kwenye zile meza ni kumsumbua mpaka atafute maneno ya kile alichokwisha kukiona. Hakuna mhadhara unaoweza kufanya hivyo, kwa sababu mhadhara haujui jicho la Aikande limekulia wapi. Mimi ninayekaa naye mezani ninaweza kujua.

Wiki zilizofuata hakuonekana sana mezani asubuhi. Alikuwa akishuka mtaani. Alirudi na michoro midogo midogo ya ngazi za majengo ya Kariakoo, moja baada ya nyingine, akaibandika ubavuni mwa meza yake. Sikuuliza.

Na leo ndiyo siku yenyewe.

Mama yake alikuja. Wazazi tunawakaribisha, lakini wengi hawaji, biashara haisubiri. Yeye alikuwa amefunga duka, jambo ambalo Aikande anasema hutokea kwa misiba tu. Alikaa nyuma kwenye benchi, kitenge kimepigwa pasi, mkoba magotini, akitazama ukuta uliojaa michoro kama mtu anayetazama mechi ya mchezo asiojua sheria zake, ila mtoto wake yumo uwanjani.

Mgeni wetu alikuwa Bwana Lukindo, msanifu wa siku nyingi mwenye ofisi Posta. Ni rika langu. Ni mtu mkarimu, ila ana sauti ya mtu aliyezoea kusikika kwenye saiti kupita kelele za mashine ya zege. Amejenga majengo mengi mjini, na akisema kitu kuhusu ngazi, anajua anachokisema. Wanafunzi wote wa asubuhi walimpa walichopewa na mama zao: heshima. Aliwaambia punguza hili, sogeza lile, nao wakaitika "sawa, mzee," "sawa, mzee." Nilianza kumwona akichoka.

Zamu ya Aikande ikafika. Akamwamkia, akaitikiwa. Akaeleza jengo lake vizuri, kwa sauti isiyotetemeka sana: maduka mbele, kulia na kushoto, ukumbi mwembamba unaopita katikati kama wa ile nyumba ya zamani, uani nyuma, na ngazi ya wapangaji ikipanda kutoka uani.

Bwana Lukindo akanyanyuka. Akaigonga ngazi kwa ncha ya kalamu.

"Binti yangu, kazi nzuri. Mkono wako nimeupenda. Lakini hii ngazi umeificha. Mpangaji apite ukumbi wote huu, afike uani, ndipo aanze kupanda? Mgeni wake ataipataje? Ilete mbele. Ipate mwanga wa barabara, jengo lipate uso. Hamisha tu, si kazi kubwa."

Aikande aliitazama ngazi yake.

Uso ule niliufahamu. Ulikuwa uso wa lile neno la sawa, lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno. Nikaona mwaka wake wote unaondoka pale, na mama yake amekaa nyuma na mkoba magotini, hajui kwamba unaondoka. Nakiri hapa, kwa kuwa shajara ni ya kukiri: mdomo wangu ulikuwa umefunguka. Nilikuwa na sentensi nzima tayari ya kumsemea. Nikaimeza. Ningemsemea, angefaulu kwa maneno yangu, na hilo lingekuwa kikao kingine cha walimu.

Dirishani Sumaiya alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Leo anayatimba."

Aikande akavuta pumzi.

"Shikamoo," akasema.

Bwana Lukindo akamtazama. Walikwisha kuamkiana.

"Shikamoo… hapana."

Chumba kikapasuka. Sumaiya alijipiga kofi la paji la uso, mwingine akaangusha modeli yake, mama yake akafunika mdomo kwa kiganja, "Yesu wangu!" Mimi nilitazama sakafu, maana ningecheka wangeniona.

Bwana Lukindo hakucheka. Alisubiri kelele ishuke, akaweka kalamu mfukoni, akarudi kitini akakaa vizuri, kama mtu aliyeletewa chakula baada ya kungoja sana.

"Marahaba," akasema. "Hapana kwa nini?"

"Kwa sababu ya ndoo, mzee."

"Ndoo?"

"Ngazi ikiwa mbele, mama yangu atapanga ndoo kwenye vidato."

Vichwa vyote viligeuka nyuma.

"Aikande!" mama yake akasema.

"Samahani, mama. Lakini utapanga."

Mama akatazama huku na huku, akaona watu wote wanamngoja. Akanyoosha kitenge.

"Sasa kidato kimekaa kitupu, mteja anapita hapohapo, mtu ufanyeje?" Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara na swali lilikuwa la biashara, akaongeza: "Ila ningeanza na mabeseni. Ndoo zinabingirika."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Lakini Aikande alikuwa amekwisha kuvuka, hakuwa nao tena. Alikuwa akibandua ile michoro yake midogo na kuileta mbele ya wazee, mmoja mmoja. Hii hapa ngazi ya mtaa wa chini, vidato vimepangwa viatu mpaka juu, mwanamke amebeba mtoto anapanda ubavu ubavu. Hii nyingine imesimamisha sanamu za nguo kila kidato. Hii, ya tatu, imezibwa kabisa kwa marobota na wapangaji wanapitia dukani kwa mtu. Hakuwasema vibaya wenye maduka. Alisema Kariakoo chochote kinachoonana na barabara kinageuka duka, ndivyo mtaa unavyokula, na msanifu hawezi kuweka askari kwenye kila kidato. Lakini uani hakuna mteja. Uani kuna wanawake wanaofua, wanaoanika, wanaopika. "Mtu aweke mabeseni ya kuuza kwenye njia yao, aone." Na siku moshi ukitokea dukani, ngazi itakuwa tupu, na nyuma ameacha kichochoro kwa kuuvuta ukuta ndani ya kiwanja, watu watoke bila kupita mbele ya moto.

Sababu hiyo nami niliisikia kwa mara ya kwanza leo. Nilikuwa nikitazama michoro ile ubavuni mwa meza yake kwa wiki kadhaa na sikuielewa.

Bwana Lukindo hakumwachia hapo, na namshukuru kwa hilo. Mgeni anayekwambia "vizuri" na kukaa chini amekunyima nusu ya somo.

"Nimekusikia. Sasa huo ukumbi wako? Nao mdomo wake unaonana na barabara. Mama atahama kwenye vidato, ataingia ukumbini na mabeseni yake. Wapangaji watafikaje kwenye ngazi yako nzuri?"

Aikande aligeukia ukuta. Akautazama mchoro wake mwenyewe kama wa mtu mwingine. Safari hii sikuogopa.

"Hapo umenishika, mzee," akasema. "Ukumbi nimeuacha wazi mno. Ni mwembamba, na unaita. Ngazi haitoki uani, ila mdomo wa ukumbi nitaufanyia kazi."

"Utaufanyia nini?"

"Sijui bado. Nikijibu sasa nitakuwa nadanganya."

Nataka niliandike hili vizuri kwa sababu wengine wataona ni dogo. Muhula mzima binti huyu alikubali kila kitu, na kukubali kwake hakukuwa na maana yoyote; ungemwambia aweke choo barabarani angekubali. Leo alikataa jambo moja na akakubali jingine, katika pumzi moja, na nikajua kwamba lile alilolikubali amelikubali kweli. Anayejua kukataa ndiye anayeweza kukubali. Mengine yote ni kuitikia.

Tulitoka nje kwenye korido, sisi walimu na mgeni, kupanga alama. Mwenzangu aliyesema habari ya kikao bado aliona ngazi ina giza, na ana haki, ina giza. Bwana Lukindo naye akasema yeye angeiweka mbele hadi leo.

"Lakini tangu asubuhi nimegonga milango ya watu," akasema, "na huyu ndiye wa kwanza niliyemkuta nyumbani."

Amefaulu. Hakuwa wa kwanza. Sumaiya amempita vizuri tu, na hataacha kulitaja. Lakini amefaulu, na mwakani atakuwa mwaka wa mwisho pamoja na wenzake.

Mama yake nilimkuta karibu na mlango, hataki kuuliza na hataki kuondoka.

"Amefaulu, Mama Aikande. Anaendelea."

Alishusha pumzi ndefu, akanishika mkono kwa mikono miwili. Halafu akanisogelea, akapunguza sauti.

"Mwalimu, sasa huko nyumbani si ataanza kunikatalia na mimi?"

"Ataanza."

Akalifikiria.

"Ataanza kwa naomba," nikamwongezea.

"Kwa naomba nitamsikia," akasema. "Ila dukani mimi ndiye msanifu."

Nimecheka njia nzima hadi hapa nyumbani, watu wa mtaa wamenitazama.

Sasa nimebaki peke yangu, na ukweli wa mwisho niuandike. Mimi pia ningeiweka ngazi ile mbele. Baada ya kusikia yote, ndoo na viatu na marobota, mkono wangu bado ungeipeleka barabarani na ningetafuta njia nyingine ya kupambana na mabeseni. Nimempa alama za kufaulu kwa ngazi ambayo mimi nisingeichora, na sioni kosa. Nimefundisha studio miaka mingi, na wanafunzi waliochora kama mimi ndio ninaowasahau upesi zaidi.

Kesho asubuhi tunakaa mezani kurekebisha mdomo wa ukumbi kabla michoro haijakabidhiwa. Nitamshauri aweke mlango mzito na aufunge. Nimefikiri, ni ushauri mzuri, naupenda.

Atakuwa na sababu gani ya kuukataa?